Picha ya Josho Lililokauka

Wiki chache zilizopita niliingia duka la pembejeo hapa Bariadi mjini kutafuta mbegu za mchicha. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye fimbo na kofia ya pama, anapimiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Muuzaji alifungua galoni, akamimina kidogo kwenye chupa ya soda, na harufu ikatoka. Sijui niwaelezeeje ninyi ambao hamjawahi kuisikia. Ni harufu kali na nzito, ina kitu cha mafuta ya taa na kitu cha kitunguu kilichooza, na ikishaingia puani inakwenda kukaa nyuma ya koo. Mzee alilipa akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama, muuzaji ananiuliza kwa mara ya pili ninataka nini, na mimi sikumbuki nilichofuata. Nilikuwa nimerudi kwenye josho la kijijini kwetu, mtoto wa shule ya msingi, dada yangu Minza amenishika mkono nisisogee karibu na ukingo.

Wakati huo sisi tulikuwa bado watu wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Bariadi, kwenye mbuga ya udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unakuvua viatu. Tulilima pamba na mtama, tulifuga, na kila Alhamisi ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe walitoka kila upande, vumbi likapanda, wavulana wakapiga miluzi. Josho lenyewe lilikuwa mfereji wa saruji, mrefu na wenye kina, umejaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe alifika ukingoni, akasita, akachapwa, akajitupa. Alizama mpaka pembe, kisha akaibuka upande wa pili akipiga chafya kama mtu aliyenusa ugoro. Sisi watoto tulicheka kila mara, ingawa tulikuwa tumeshamwona ng'ombe yule yule akipiga chafya ile ile Alhamisi iliyopita. Bwana mifugo alisimama pembeni na buti zake za mpira, akihesabu na kufoka. Dawa ilitoka serikalini. Hatukuwahi kujiuliza serikali inaitoa wapi. Tuliichukulia kama mvua, kitu ambacho huja kwa sababu huwa kinakuja.

Minza alinizidi miaka miwili, lakini tulisoma darasa moja. Alichelewa kuanza shule kwa sababu yangu. Mayu, yaani mama yetu, alikuwa shambani kutwa, na mimi nilihitaji mgongo wa kubebwa. Kwa hiyo Minza alinibeba mpaka nilipoweza kutembea mwenyewe kwenda shule, ndipo naye akaandikishwa. Hakuwahi kunilaumu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye macho makubwa yaliyotulia, na alikuwa na tabia ya kuchora chini kwa kijiti wakati watu wazima wanazungumza. Akimaliza, alifuta kwa unyayo kabla mtu hajaangalia.

Tulipofika darasa la sita tukapata mwalimu mpya wa historia, Mwalimu Maduhu. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na suti yake ya Kaunda ilikuwa imepauka mpaka hakuna aliyekumbuka rangi yake ya kwanza. Vitabu vya historia shuleni kwetu vilikuwa vichache kuliko madirisha, na madirisha yenyewe hayakuwa na vioo. Lakini Mwalimu Maduhu alikuja na boksi la sabuni lililojaa katuni. Alikuwa amezikata kwenye magazeti na majarida ya zamani, nyingine za wakati wa mkoloni, nyingine za miaka ya mwanzo ya uhuru, akazibandika juu ya vipande vya boksi kwa gundi ya unga wa muhogo. Panya walikuwa wameshaipenda gundi ile. Picha nyingi zilikuwa zimeliwa pembe, na kuna gavana mmoja ambaye tulimjua kuanzia kiunoni kwenda chini tu.

"Hii ndiyo maktaba yenu," alituambia siku ya kwanza. "Tutasoma picha kama watu wengine wanavyosoma vitabu. Kwanza niambie unachokiona. Halafu niambie unachokijua. Mwisho kabisa niambie unachokishuku."

Mwalimu Maduhu alikuwa na fimbo kama walimu wote, lakini hakumchapa aliyekosea. Alimchapa aliyesema "sijui." Kwa sababu hiyo darasa letu lilikuwa na majibu mengi ya ajabu. Siku moja alituonyesha katuni ya mkoloni amekaa kwenye kiti cha kukunja, mbele yake amesimama mtemi mwenye kofia ya heshima, na nyuma yao umati wa watu ambao hawakuchorwa nyuso, vichwa tu, vimepangana kama masuke ya mtama. Akauliza kwa nini watu wale hawana nyuso. Masanja, mvulana aliyechunga ng'ombe jioni na kusinzia asubuhi, alishtuka akajibu kwamba mchoraji alikuwa na haraka.

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. "Vizuri," alisema. "Alikuwa na haraka. Sasa niambie, kwa nini kwenye uso wa yule aliyekaa kitini hakuwa na haraka? Hata vifungo vya koti amevihesabu."

Hapo kicheko kilikatika. Nakumbuka nilivyoitazama tena picha ile, kama mtu anayegundua kwamba mlango alioudhani ukuta unafunguka. Ndugu zangu, sisi watoto wa mbuga hatukuwa tumezoea kuambiwa kwamba kitu kilichochapishwa kilichorwa na mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa na upande. Tuliporudi nyumbani siku ile Minza aliburuza kijiti mavumbini njia nzima. Karibu na boma aliniuliza, "Kabula, kumbe hata kuacha ni kuchora?" Sikumwelewa. Nilisema ndiyo.

Picha tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kupe. Ilitoka miaka ile ambayo redio na magazeti yalikuwa yakiwasema wanyonyaji kila siku. Ng'ombe mkondefu amesimama, ubavuni ameandikwa MKULIMA, na juu ya nundu yake amekaa kupe mnene mwenye kofia, miwani na tai, ameandikwa MNYONYAJI. Mwalimu aliisimamisha juu ya meza, na kabla hajauliza lolote darasa likalipuka, maana kwenye kupe sisi ndio tulikuwa maprofesa. Mmoja alisema miguu haikutimia. Mwingine alisema kupe hakai kwenye nundu, anakaa masikioni, chini ya mkia na kwenye chuchu. Masanja, aliyekuwa macho kabisa siku hiyo, alisema mchoraji huyu hajawahi kung'oa kupe, kwa sababu kupe aliyeshiba hana shingo ya kuvaa tai.

"Mchoraji hakuwa mfugaji," Mwalimu alikubali, na safari hii naye alitabasamu. "Lakini wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Labda ndiyo maana amemweka hapo. Mzigo ukikaa kwenye nundu, watu wanadhani ni nundu. Haya, Minza. Wewe hujasema."

Minza alisimama, akaitazama picha kwa muda. "Ng'ombe hamwangalii kupe," alisema. "Anatuangalia sisi."

Mwalimu aligeuka kuitazama picha yake mwenyewe, ambayo bila shaka alikuwa ameifundisha miaka mingi. Aliyafuata macho ya ng'ombe kwa kidole. Kisha alisema kwa sauti ya chini, "Kaa, mwanangu. Hilo sikuwa nimeliona."

Mwaka ule ule mambo yalianza kubadilika. Watu wazima walikuwa na neno moja, "ruksa," nao walilitamka kwa namna nyingi, wengine kwa furaha na wengine kwa kukunja uso. Mitumba ilishuka minadani kwa marobota, mayu akapata sweta lenye picha ya mti wenye theluji. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na magari yao na mizani yao. Tukaambiwa kila mtu sasa yuko huru kuuza anapotaka na kununua anapotaka. Katika uhuru huo lilikuwemo na hili, kwamba mfugaji atajinunulia dawa ya kuogeshea mwenyewe.

Josho halikufungwa na mtu. Hilo nataka mlielewe. Hakuna aliyekuja na kufuli wala tangazo. Alhamisi moja bwana mifugo alisema dawa haijafika, tusubiri. Alhamisi nyingine alisema hivyo hivyo. Baadaye hakuja yeye mwenyewe. Tukasikia amepunguzwa kazini, amerudi kwao. Maji ya rangi ya chai yakashuka, yakawa tope, tope likawa ukoko uliopasuka. Mbuzi waligundua kwamba chini ya mfereji kuna kivuli, wakaanza kwenda kulala humo mchana.

Baba alifanya alichoweza. Alinunua kichupa cha dawa mnadani, na siku alipoichanganya na maji haikunuka kitu chochote. Akaazima bomba la kupulizia pamba, akawapulizia ng'ombe dawa ya wadudu wa pamba iliyobaki stoo. Ndama mmoja akafa siku hiyo hiyo, na baba hakurudia. Kisha ikaja ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe. Ng'ombe alisimama peke yake chini ya jua, masikio yamelala, tezi za shingoni zimevimba kama mayai ya bata, pumzi inatoka na povu. Baba alichemsha chuma motoni akawachoma zile tezi, kama alivyofanya baba yake, na babu yake kabla ya hapo. Harufu ya manyoya na nyama ikaingia mpaka ndani tulikolala. Wengine walipata nafuu siku mbili, kisha wakafa. Tulikula nyama mpaka tukaichukia. Mayu aliikausha juu ya dari, na kila aliyepita alipewa, lakini hakuna aliyetaka, kwa sababu kila boma lilikuwa na yake.

Sisi tuliosoma darasa moja tulikuja shuleni na kutajiana waliokufa. Wa mabaka amekufa. Yule mwenye pembe moja amekufa. Mwalimu Maduhu alitusikiliza siku kadhaa. Kisha siku moja hakufungua boksi la sabuni. Alisema, "Leo hakuna picha ya zamani. Chora ya leo. Fikiri kwamba mtoto wa miaka hamsini ijayo ataishika mkononi na hatakuwa na mtu wa kumuuliza."

Aligawa karatasi ya manila iliyokatwa vipande. Wengi tulichora kupe mwenye kofia, kwa sababu ndiye tuliyemjua. Mimi nilimchora mnunuzi wa pamba na tumbo kubwa, ingawa yule aliyekuja kijijini kwetu alikuwa mwembamba, mpole, na alimsalimia mayu "mwangaluka" vizuri kama mtu wa kwetu. Sikuona kwamba nimekosea. Mnyonyaji alipaswa kuwa na tumbo.

Minza alichora kwa mkaa. Alichora josho kavu, na ndani yake mbuzi na watoto wake wamelala. Juu ya ukuta wa josho aliandika maneno yaliyokuwa yamepakwa rangi pale tangu hatujazaliwa, OGESHA MIFUGO YAKO, na herufi mbili akaziacha zimebanduka kama zilivyobanduka kweli. Ukingoni ng'ombe wamepanga foleni wakisubiri. Wa kwanza ana afya. Anayemfuata amekonda. Mwingine amepiga magoti, na mstari uliendelea hivyo mpaka mwisho wa karatasi, ambako palikuwa na fuvu na pembe, nalo limeelekea mbele, limesimama kwenye foleni. Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Mwalimu aliibandika ukutani. Tulianza kuisoma kama tulivyofundishwa, tunachokiona, kisha tunachokijua. Tulipofika kwenye kushuku, Mwalimu aliuliza nani hayupo kwenye picha hii. Mtu akasema bwana mifugo. Mwingine akasema mchungaji wa hao ng'ombe. Kisha mtoto wa mbele akasema, kama anayetaja mji mkuu, "Serikali."

Mwalimu aligeukia ubao. Alifuta ubao ambao haukuwa na kitu. "Tutaendelea kesho," alisema.

Picha ilikaa ukutani kwa wiki kadhaa. Ndipo akaja mratibu wa elimu wa kata, kwa pikipiki, kukagua vyoo. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kidogo na sauti ya uchovu. Alipita madarasani akitikisa kichwa kwa paa lililotoboka, akafika kwetu, tukasimama tukamwamkia. Aliitikia, akageuka kuondoka, jicho likaenda ukutani. Akarudi.

"Hii nani kachora?"

"Mwanafunzi," alisema Mwalimu Maduhu. "Ni somo la historia. Tunajifunza kutafsiri katuni."

"Anamsema nani?"

"Hakuna mtu humo, ndugu mratibu. Ni ng'ombe tu."

"Naona hakuna mtu." Alisogea karibu mpaka pua ikakaribia karatasi. "Ndicho ninachouliza."

Minza akasimama bila kuitwa. "Shikamoo. Nimechora mimi. Ni josho letu."

Mratibu alimgeukia. Sisi wote tulitazama sakafu. Halafu aliuliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, tena kwa Kisukuma, ambacho shuleni kilikuwa marufuku na sisi tulichapwa kwa kukitamka. Alimuuliza kwetu wamebaki ng'ombe wangapi. Minza akajibu wamebaki wa kukamulia watoto tu, nao mmoja anakohoa.

"Hata kwangu," alisema mratibu. Alinyanyua mkono akabandua picha, taratibu, pembe moja baada ya nyingine, asiichane. Akaikunja, akaiingiza mfukoni mwa koti. "Hii naondoka nayo."

Pikipiki ilipoondoka darasa lilipumua. Masanja alisema mratibu ataipeleka Bariadi kwa wakubwa, nao wakishaiona dawa italetwa. Tulimwamini papo hapo. Mimi nilimwamini kuliko wote. Njia nzima nilimweleza Minza jinsi picha itakavyotoka mkono kwa mkono, kutoka wilayani mpaka mkoani, mpaka Dar es Salaam, na jinsi gari la dawa litakavyokuja na dereva akiuliza ni nani aitwaye Minza. Nilimwona akitabasamu. Alhamisi iliyofuata tulipita makusudi kwenye josho. Mbuzi walikuwa wamelala. Tulipita na nyingine. Kwa muda fulani tulipita kila Alhamisi, na kila tulipokuta mbuzi tulisema labda barabara imeharibika kwa mvua.

Muhula uliofuata Mwalimu Maduhu alihamishwa, akapelekwa mbali, ng'ambo ya wilaya. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya picha, na pengine haikuwa hivyo. Walimu walihamishwa kila siku. Aliondoka kwenye keria ya baiskeli ya mtu, boksi la sabuni mapajani. Baada yake hatukupata mwalimu wa historia. Kipindi chake tulipewa jembe tukalime shamba la shule.

Tulifanya mtihani wa darasa la saba. Kabla matokeo hayajatoka, wageni walikuja nyumbani kutoka Nassa, kule ziwani. Walikuwa watu wazuri, wakulima wa mpunga, na waliheshimu kila hatua. Walikaa na baba na wajomba mchana kutwa, mayu akapika kuku. Mimi na Minza tulikuwa jikoni tukichambua mchele, na kupitia ukutani tulisikia ng'ombe wakitajwa, mmoja mmoja, jike, dume, mtamba. Niliona mkono wa Minza ukisimama juu ya ungo kisha ukaendelea.

"Utakataa?" nilimnong'oneza.

"Boma halina kitu, Kabula," alisema. "Wewe hujaona baba anavyolitazama asubuhi?"

Nilikuwa nimeona. Baba alikuwa akiamka alfajiri kama zamani, anakwenda kufungua lango la boma la miiba, anasimama pale kana kwamba wanatoka, kisha analifunga tena.

Minza aliolewa baada ya mavuno. Matokeo yalipobandikwa, hakuna hata mwanafunzi mmoja wa shule yetu aliyechaguliwa kwenda sekondari, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba Minza ameonewa. Mimi nilirudia darasa kwenye shule ya mjini kwa shangazi, na huko ndiko njia yangu ilikopatikana. Yeye hakuwa na shangazi wa pili.

Ng'ombe wa mahari walikuja kwa miguu kutoka ziwani, wameongozana, wanang'aa, wageni na majani yetu. Baba alicheka siku ile, kicheko ambacho tulikuwa tumekisahau. Aliwapa majina. Alikesha akiwalinda. Na kupe, ambao hawakuwa wamehama, waliwapokea. Masika ya kwanza waliondoka wengi, kiangazi kilichofuata wakaondoka waliobaki. Siku alipokufa wa mwisho nilikuwa likizo nyumbani. Baba alikaa kando ya mzoga akiwafukuza mbwa. Mayu alitoka ndani, akaja akasimama karibu naye, na akasema kwa Kisukuma, bila kupandisha sauti, maneno ambayo sijawahi kuyasikia yakisemwa tena mahali popote.

"Mtoto wangu tumewapa kupe."

Baba aliinua mkono kama anayetaka kumfukuza mbwa mwingine, lakini hapakuwa na mbwa.

Mwalimu Maduhu nilikutana naye mara moja tu, miaka baadaye, kwenye gulio la Mwamanyili. Alikuwa ameacha ualimu, anampimia pamba mnunuzi mmoja binafsi. Alikuwa amekaa juu ya robota, kalamu sikioni, na alinijua kabla sijamjua. Aliniuliza habari za Minza. Nilimwambia ameolewa Nassa, ana watoto. Alitikisa kichwa, akaangalia mizani, akasema, "Alikuwa na jicho yule." Foleni ya wakulima ilikuwa ndefu nyuma yangu, na wa mbele yake alikuwa ameshatua mzigo, kwa hiyo tuliagana.

Kwa miaka mingi nilibeba maelezo yangu mwenyewe kuhusu mambo haya. Niliamini picha ya Minza ilikwama mahali. Kwamba mratibu aliisahau mfukoni, au mkubwa fulani aliitazama na hakuielewa. Mimi mwenyewe ni mwalimu sasa, na nilikuwa nawafundisha wanafunzi wangu kwa imani hiyo, kwamba kinachowatesa watu ni kutosoma vizuri kilicho mbele yao, na kwamba wakisoma vizuri mambo yatanyooka. Ni imani nzuri kwa mwalimu. Inamsaidia kuamka asubuhi.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Minza. Tulikaa nje ya nyumba yake tukianika mpunga, yeye akiwafukuza kuku kwa mguu bila kuangalia, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile picha ya josho, na nikamwambia nilichokuwa nikiamini, kwamba pengine wangeielewa, mambo yangekuwa mengine.

Aliendelea kusambaza mpunga kwa kiganja mpaka ukawa sawa.

"Mratibu aliielewa, Kabula," alisema. "Hukumwona alivyokuwa anaibandua? Mtu ambaye hajaelewa angeichana. Aliielewa yeye, akaielewa mwalimu, akaielewa baba. Hata mbele huko kama ilifika, waliielewa, na dawa haikuja. Mimi niliacha kuchora siku ile ile, uliponisimulia habari za gari."

"Lakini ulitabasamu."

"Ulikuwa mdogo," alisema. "Ulikuwa umefurahi."

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya darasa langu, katuni ikiwa mkononi, na nilipowauliza wanachokiona, mikono mingi ikanyanyuka. Watoto hawa wanaona vizuri. Niliwasikiliza mmoja baada ya mwingine wakieleza kila kitu, bila kukosea, mpaka kengele ilipolia wakatoka nje.